Kibali cha Kunakili Maandishi ya Kitaaluma Marekani
Mashine ya fotokopi ya Xerox 914, iliyotoka mwaka 1959, ndiyo iliyolifanya suala la kibali kuwa zito katika vyuo na maktaba za Marekani. Williams & Wilkins, wachapishaji wa majarida ya tiba, waliishtaki serikali kwa kuwa maktaba zake ziliwatolea watafiti kopi za makala bila kuwalipa wachapishaji. Walishindwa mwaka 1973. Miaka miwili baadaye majaji wa Mahakama ya Juu waligawanyika nne kwa nne, hukumu ikabaki ilivyo. Mwaka 1978 Copyright Clearance Center ikaanza kukusanya ada za kunakili.

Pigo kubwa kwa wanaonakili lilikuja mwaka 1991. Maduka ya Kinko's yaliwauzia wanafunzi vitini vilivyokusanya sura za vitabu bila idhini, na mahakama ya New York ikaagiza fidia ya dola 510,000. Tangu hapo barua za kuomba ruhusa zikawa kazi ya kila muhula. Mara nyingi haziendi kwa mwandishi bali kwa mchapishaji, kwani mtafiti hukabidhi haki za makala yake bila hata senti, desturi inayomdhulumu aliyetoka jasho. Leseni za Creative Commons za mwaka 2002 zilimpa mwandishi njia ya kutoa ruhusa mapema, kwa wote.