Altrasaundi ya Matiti Segerea: Kipimo Kilichopitwa na Mimba

Katika vitongoji vya Dar es Salaam kama Segerea, kata ambayo Watanzania wengi huitaja kwa gereza lake kabla ya jambo jingine lolote, altrasaundi imeshikamana na ujauzito kiasi kwamba mwanamke akisema amekwenda kupiga altrasaundi, wanaomsikia hukaribia kumpa hongera kabla ya kumuuliza anaumwa nini. Mazoea hayo yamepindua mpangilio wa historia, kwa sababu titi lilichunguzwa kwa njia hii kabla ya mimba.

Altrasaundi ni kipimo cha mawimbi ya sauti ambayo sikio la mwanadamu haliyasikii; mawimbi hayo hupenya mwilini, hugonga tishu, hurudi kama mwangwi, na mashine huugeuza mwangwi huo kuwa picha. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 daktari John Wild, Mwingereza aliyehamia Minneapolis nchini Marekani, pamoja na mhandisi John Reid, walitumia mawimbi ya megahezi 15 kutafuta tofauti kati ya uvimbe wa saratani ya titi na uvimbe usio na madhara. Ian Donald wa Glasgow, aliyeanza na kifaa cha viwandani cha kukagulia nyufa za chuma, alichapisha matokeo yake ya uchunguzi wa tumbo, mimba zikiwemo, mwaka 1958, na yeye aliyekuja nyuma ndiye aliyevuma. Titi lilidai picha safi kuliko mashine za wakati ule zilivyoweza kutoa, hata katika miaka ya 1970 zikaundwa mashine zilizomtaka mwanamke alale kifudifudi, matiti yakiwa ndani ya maji.

Kufika kwa kipimo hiki pembezoni mwa Dar es Salaam kulitegemea sheria kama kulivyotegemea fizikia. Mwaka 1977 Tanzania ilipiga marufuku tiba binafsi ya kutafuta faida, na marufuku hiyo ilipoondolewa mwaka 1991, zahanati na vituo vya afya vya binafsi viliweza kufunguliwa mitaani, mbali na hospitali kubwa ya Muhimbili na mbali na Ocean Road, ile hospitali ya Wajerumani ya ufukweni iliyokuja kuwa taasisi ya saratani inayojitegemea mwaka 1996. Kwa kituo kidogo, mteja wa uhakika wa altrasaundi ni mjamzito, na hapo ndipo ilipo siri ya titi kuachwa nyuma: probu, yaani kile kifaa cha kushikwa mkononi, ikiwa ya tumbo huwa na uso uliobinuka na mawimbi ya megahezi chache yanayofika mbali, ilhali ya titi huwa na uso bapa na mawimbi ya megahezi 10 na kuendelea, yasiyokwenda kina kirefu lakini yenye kuonyesha vitu vidogo. Kituo chenye ile iliyobinuka peke yake kina mashine, ila hakina kipimo cha titi kinachostahili jina hilo.

Urithi wa mimba huonekana hata katika maandalizi, kwani mgonjwa aliyezoea kuambiwa anywe maji mengi na asiende haja ndogo hufika kibofu kimejaa, wakati altrasaundi ya matiti haihitaji maji wala kufunga kula. Mgonjwa huvua nguo za juu, hulala chali au kwa ubavu kidogo, mkono wa upande unaopimwa ukiwa nyuma ya kichwa ili titi litandazike. Hupakwa jeli ya baridi inayozuia hewa kukaa kati ya ngozi na probu, kisha hupimwa titi na kwapa, kwa kawaida bila maumivu na bila mionzi, tofauti na mamografia, ambayo ni eksirei ya matiti. Kifuko cha maji huonekana cheusi chenye kingo laini, nao uvimbe mgumu huwa na mwangwi ndani yake. Kwa mwanamke kijana, ambaye titi lake lina tishu nzito zinazoifanya eksirei isione vizuri, altrasaundi ndiyo hutangulia. Picha peke yake haithibitishi saratani. Daktari akiwa na shaka huagiza kinyama kidogo kichukuliwe kwa sindano, na mara nyingi ni probu hiyo hiyo bapa inayomwonyesha ncha ya sindano inapoingia kwenye uvimbe.