Babu alihamia aneksi ili mimi nisome



Leo sileti historia ya majenerali. Naleta historia ya hatua 20. Ndiyo umbali babu yangu alihama: kutoka nyumba ya mbele mpaka aneksi ya nyuma, ndani ya parseli ileile. Vyumba vinne vikawa kimoja. Kabati ya mbao haikupita mlangoni, tukampa jirani. Viti sita vikabaki viwili. Kitu kimoja alikataa kuacha: kopo la maziwa ya unga ambamo anatunza karatasi zake za kazi.

Nyumba ya mbele tukaipangisha. Wapangaji walilipa kwa dola, na dola zile ndizo zililipa minerval yangu miaka yote ya chuo. Siku ya kupokea diplome watu walipiga vigelegele, babu akiwa amekaa pale na koti lake la zamani. Usiku ule ndipo nilianza kujiuliza: hivi hapa kwetu Ituri, mtu akiisha kuacha kazi, nani alipanga aishi wapi?

Jibu linaanzia kwenye dhahabu. Mwaka 1903 dhahabu ilionekana upande wa Kilo, kaskazini ya Bunia. Migodi ikaongezeka, na mwaka 1926 ikawekwa chini ya kampuni moja, Société des Mines d'Or de Kilo-Moto. Migodi ilitaka mikono maelfu, na mikono ile ilitaka pa kulala. Hivyo zikajengwa kambi: nyumba kwenye mistari, zimefanana kama mapacha. Mashamba makubwa na makampuni ya biashara nayo yakafuata njia ileile. Mwajiri anatoa mshahara, posho na nyumba. Lakini nyumba ilikuwa ya kazi, haikuwa ya mtu. Kazi ikiisha, ufunguo unarudi.

Na mzee je? Alitegemewa arudi kijijini. Angalieni vizuri hesabu hiyo. Kampuni ilichukua miaka ya nguvu, na kijiji kikabaki na miaka ya magoti kuuma. Mama aliyelima muhogo kule kijijini ndiye alikuwa mfuko wa retreti, bila mtu kumlipa. Pensheni ya wafanyakazi Wakongomani iliwekewa sheria mwaka 1956 tu, miaka minne kabla ya uhuru. Tarehe 29 Juni 1961 ikaundwa INSS, ambayo tangu 2018 tunaiita CNSS.

Babu alikuwa dereva wa lori katika kampuni moja ya kahawa. Alikaa nyumba ya kazi miaka mingi, na alikuwa na msemo wake: «Nyumba ya kazi iko kama koti la kuazima. Unalivaa, lakini mifuko si yako.» Kwa hiyo pole pole, tofali kwa tofali, alinunua parseli mjini na kujenga yake. Wenzake walimcheka. Wao waliamini makato ya mshahara yatawatunza.

Sasa tufungue lile kopo. Ndani mna vikaratasi vya mshahara, na makato yameandikwa kwa zaire. Zaire ilipozaliwa mwaka 1967, moja ilikuwa na thamani ya dola mbili. Mwaka 1993 serikali ilileta zaire mpya: moja kwa milioni 3 za zamani. Mwaka 1998 ikaja franka ya Kongo: moja kwa zaire mpya 100,000. Wasomi, pigeni hesabu. Franka moja ilikuwa sawa na zaire za zamani bilioni 300. Mtu aliyekatwa mshahara maisha yake yote, akiba yake haikununua hata kiberiti. Hakuna mwizi aliyeingia nyumbani. Pesa yenyewe ndiyo ilikufa.

Ilibaki ile njia ya zamani, kurudi kijijini. Kijiji cha babu kiko Djugu. Wakati wa vita vya Ituri, 1999 mpaka 2003, hakikukalika. Mwisho wa 2017 mashambulizi yakaanza tena, na watu wakajaa Bunia na mikeka yao kichwani. Leo katika kambi ya wakimbizi ya Kigonze utakuta mzee ambaye kijijini alikuwa na nyumba yake, jiko lake na kivuli cha mwembe wake, sasa anaishi chini ya hema. Ule pia ni uhamisho kwenda nyumba ndogo, ila yeye hakuna aliyemuuliza.

Kwa hiyo Bunia yetu ina makazi ya wazee, hata kama hayana kibao. Makazi yenyewe ni aneksi. Pita Mudzipela, pita Nyakasanza, chungulia nyuma ya nyumba zilizopangishwa: kuna chumba kimoja, kuna kiti nje, kuna mzee.

Kwingine walijaribu njia tofauti. Nairobi kuna Nyumba ya Wazee inayoendeshwa na masista. Zanzibar serikali ina makazi ya wazee Sebleni na Welezo, na Aprili 2016 ilianza kumpa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliajiriwa au alilima tu. Hazikuwa pesa nyingi. Lakini yule mama wa muhogo naye anahesabiwa.

Nilimwuliza babu kama anajuta. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: «Chumba kinanitosha. Lakini ile siku ya kikao, mlizungumza juu ya nyumba yangu kama vile mimi siko. Niko mzee, siko mzigo.»

Ni kweli. Kikao kilikaa, baba wakubwa wakaamua, na mimi nilikuwa mle ndani. Nilijua pesa itaenda wapi, nikanyamaza. Angeulizwa angekubali, mimi najua. Ndiyo maana inaniuma zaidi: tulikosa kumpa kitu ambacho hakina bei.

Sasa, sisi wenye diplome. Ukipata kazi, mwombe mwajiri namba yako ya CNSS mwezi wa kwanza, usingoje nywele zibadilike rangi. Ukiweza, weka akiba yako katika kitu ambacho hakifi pamoja na pesa. Na kama nyumbani kwenu kuna mzee mwenye parseli, karatasi za parseli zibaki na jina lake, na kikao kikikaa, yeye aseme wa kwanza.

Mwezi uliopita wapangaji waliondoka. Nilimpelekea babu ufunguo wa nyumba ya mbele, nikamwuliza tufanye nini. Hajajibu bado. Ufunguo ameuweka ndani ya kopo.