Kuchangiana na Kuruzukiwa: Utoaji wa Pamoja wa Wanawake katika Historia ya Kenya

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo ambalo limeandikwa sana na wataalamu wa uchumi na wa maendeleo, lakini halijatazamwa vya kutosha kwa jicho la lugha. Jambo lenyewe ni desturi ya wanawake kukusanya mali kidogo kidogo, kuiweka pamoja, kisha kumpa mmoja wao au kuitumia kwa haja ya jamii. Wengi hudhani ya kwamba desturi hii ililetwa na serikali na wafadhili walipoanza kuvigawia vikundi vya wanawake fedha. Dai letu ni kinyume cha hayo. Utoaji wa pamoja ulikuwapo kabla ya fedha hizo, ulikuwa na sheria zake na hesabu zake, na fedha zilizokuja kutoka juu zilibadilisha jambo moja kubwa: uhusiano kati ya anayetoa na anayepokea.

Yafaa tuanze na maneno mawili. Kitenzi changa, kwa maana ya kila mtu kutoa sehemu yake ili ipatikane jumla, huzaa changia, changisha na changiana. Ruzuku, neno lenye asili ya Kiarabu, hapo mwanzo ni tendo la Mwenyezi Mungu, ampaye kiumbe riziki yake. Katika lugha ya ofisi limekuwa jina la fedha zitolewazo bila kudaiwa zirudi. Msemaji wa Kiswahili husema bila taabu, "Tumechangiana." Hasemi, "Tumeruzukiana." Sarufi ingeruhusu umbo hilo, lakini maana yalikataa, kwa kuwa aruzukuye yu juu na aruzukiwaye yu chini, na nafasi hizo mbili hazibadilishwi. Wachanganao, kinyume cha hayo, hubadilishana nafasi kwa zamu. Tofauti hii ya maneno ndiyo itakayotuongoza katika kuipima historia.

Ngoma na mchango katika pwani

Katika miji ya Waswahili, chombo kimoja mashuhuri cha ushirika wa wanawake katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 kilikuwa vyama vya lelemama. Tunavifahamu vile vya Mombasa hasa kwa utafiti wa Margaret Strobel, ambaye kitabu chake juu ya wanawake Waislamu wa mji huo kilichapishwa mwaka 1979, na kwa masimulizi ya wanawake watatu aliyoyakusanya pamoja na Sarah Mirza. Masimulizi hayo yalitolewa kwa Kiingereza mwaka 1989 na kwa Kiswahili mwaka 1991.

Mtazamaji wa nje aliona ngoma tu: safu ya wanawake waliovaa sare, mwendo wa taratibu, na nyimbo za kupigana vijembe na chama cha upande wa pili. Aliyekuwa ndani aliona zaidi. Chama kilikuwa na viongozi na vyeo, na mwenye kutaka cheo alilazimika kuwalisha wenzake. Karamu hiyo ilihitaji mali ambayo aghalabu haikuwa mkononi mwa mtu mmoja. Kwa hiyo kila aliyekula alijua ya kwamba siku yake ya kutoa itafika. Ndani ya vyama hivyo walikutana wanawake wa asili mbalimbali, waungwana na wazao wa watumwa, katika mji ambao utumwa ulikuwa umepigwa marufuku mwaka 1907 tu. Hatusemi ya kwamba tofauti zao zilifutika. Twasema ya kwamba mchango ulimpa mwanamke njia ya kujipatia heshima ambayo hakurithi kwa baba yake.

Si ajabu, basi, kwamba istilahi za akiba katika Kiswahili zina uhusiano na ngoma. Upatu ni sahani ya madini ipigwayo ngomani. Ni jina pia la utaratibu ambao watu hutoa kiasi kilekile kila kipindi na mmoja wao huchukua jumla kwa zamu. Neno mchezo nalo hutumika kwa maana hiyohiyo katika sehemu nyingi za Tanzania. Ngoma na upatu vina kanuni moja: kila mtu ana zamu yake, na aondokaye kabla ya zamu za wengine kwisha ameharibu mchezo.

Vyama hivi havikukosa wapinzani. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Al-Islah mjini Mombasa mwaka 1932, alikuwa miongoni mwa waliokemea israfu katika sherehe. Shutuma hizo hazikuwa bure, kwa maana mashindano ya karamu yaliweza kumwachia mtu madeni. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1950, wanawake wa Mombasa walipounda vyama vya elimu na hisani vya Waislamu, hawakuanza na mikono mitupu. Walikwisha kujifunza katika ngoma jinsi ya kuitisha watu, kukusanya fedha na kumwajibisha kiongozi.

Kutoka kwenye jembe hadi kwenye bati

Tukiiacha pwani na kupanda bara, twakuta kanuni ileile, ila hapa kilichochangwa kwanza ni nguvu za mwili. Wakikuyu waliita ushirika wa kulimiana ngwatio. Wakamba wana mwethya, na Wajaluo wana saga. Wanawake wa Kikuyu walikuwa pia na desturi ya kumpelekea kuni mama aliyejifungua. Mzigo wa kuni haukuandikwa popote, ila haukusahauliwa.

Desturi hizo ziliingia katika jaribio kali wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952. Watu wapatao milioni moja wa Mkoa wa Kati walihamishwa kwa nguvu na kukusanywa vijijini, wanaume wengi wakiwa kizuizini au msituni. Wanawake walishurutishwa kufanya kazi za pamoja chini ya ulinzi. Hapa pana funzo lisilopaswa kupuuzwa: kazi ya pamoja si lazima iwe ya ushirika. Majembe yalikuwa mengi mahali pamoja, lakini hapakuwa na zamu, na hapakuwa na aliyemlimia mwenziwe.

Katika miaka hiyo pia, kwa mujibu wa Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, mashamba yaliunganishwa na kuandikishwa, na hati zikatolewa kwa sehemu kubwa sana kwa majina ya wanaume. Mwanamke aliendelea kulima ardhi ambayo karatasi haikumtambua.

Kwa kuzingatia hali hiyo ndipo tunapoweza kufahamu uzito wa vikundi vya mabati, vilivyoenea katika sehemu za Nyeri na wilaya jirani katika miaka ya 1960. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Wanawake walikwenda pamoja kupalilia au kuchuma kahawa kwa ujira, wakatia ujira huo katika mfuko mmoja, na kuongeza ada ya kila mwezi. Fedha zilipotosha, walinunua mabati ya kuezekea nyumba ya mmoja wao. Kisha wakamgeukia wa pili, na wa tatu, hata wote wakapata. Tuchukue kwa mfano kikundi cha wanawake ishirini kinachoezeka nyumba moja kila mwezi: wa mwisho hungoja miezi ishirini, huku akiendelea kutoa kwa ajili ya wengine. Kungoja huko hakukuwa na dhamana ya benki wala ya hati ya shamba. Dhamana yake ilikuwa neno la watu wanaojuana.

Bati lenyewe halikuwa pambo. Paa la nyasi huvuja na hutaka kuezekwa tena na tena. Paa la bati, likitiwa mfereji na pipa, humpa mama maji ya mvua mlangoni pake na kumpunguzia safari ya mtoni. Baada ya mabati, vikundi vingi viliendelea na ng'ombe wa maziwa, vinu vya kusagia, viwanja na hata mashamba. Mwanamke ambaye jina lake halikuwamo katika hati ya mumewe aliweza kuwa na sehemu katika mali ya kikundi.

Mikono kutoka juu

Sambamba na mkondo huo ulikuwapo mwingine. Maendeleo ya Wanawake iliundwa mwaka 1952 chini ya uangalizi wa serikali ya kikoloni, na uongozi wake wa awali ulikuwa wa wanawake wa Kizungu. Ilifundisha ushonaji, usafi na malezi, na wakati wa Hali ya Hatari ilitumiwa pia kuwavuta wanawake upande wa serikali. Baadaye uongozi ulishikwa na Waafrika, Phoebe Asiyo akiwa rais wa kwanza Mwafrika. Hata hivyo, swali la nani mwenye chama halikwisha na ukoloni. Mwaka 1987 Maendeleo iliunganishwa na chama tawala cha KANU, na muungano huo ulidumu hadi mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Harambee nayo, iliyotangazwa na Jomo Kenyatta kuwa mwito wa taifa mwaka 1963, ilijenga shule na zahanati nyingi, na wanawake walitoa sehemu kubwa ya kazi yake. Lakini kadiri miaka ilivyopita, mchango wa mkubwa mmoja, uliotajwa kwa kipaza sauti, ulifunika senti za wengi. Vikundi vya akina mama viliitwa kuwaimbia viongozi. Kuchangiana kulikuwa kunageuka kuruzukiwa, ijapokuwa jina halikubadilika. Uzito wa tatizo hilo waonekana katika Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003, iliyowawekea maafisa mipaka katika kuchangisha fedha.

Mwaka 1975 serikali iliunda idara ya kushughulikia mambo ya wanawake, na ruzuku ndogo zikaanza kufika vikundini. Mwaka 2007 ikafuata Hazina ya Biashara za Wanawake, inayotoa mikopo kwa vikundi, na mwaka 2013 Hazina ya Uwezo. Fedha hizo zimewafaa wengi. Lakini zilihitaji cheti, katiba, kumbukumbu za mikutano na hesabu za kumridhisha afisa. Kikundi kilichokuwa kikiwajibika kwa wanachama wake kikajikuta kinawajibika kwanza kwa ofisi. Na wapo waliokusanyika kwa sababu tu fedha zimetangazwa, wakatawanyika zilipokwisha.

Hitimisho

Tusije tukadhaniwa kuwa tunaisifu kale kwa upofu. Mchango una kasoro yake kubwa: asiye na cha kutoa hubaki nje. Mjane asiye na ujira hakuweza kuingia katika kikundi cha mabati, na katika lelemama maskini hakulisha watu. Hapo ndipo ruzuku ina kazi ya haki, nayo ni kumpa sehemu ya kwanza yule aliyekosa, ili naye aingie katika zamu kama wenziwe. Ni kazi tofauti kabisa na kukipa kikundi fedha na papo hapo kukiamulia la kufanya.

Historia tuliyoieleza yaonyesha ya kwamba nguvu ya vikundi hivi haikutokana na wingi wa fedha. Ilitokana na kwamba aliyepokea leo alikuwa amekwisha kutoa jana, kwa hiyo alipokea bila kuinamisha kichwa, na alikuwa na haki ya kuuliza fedha zimekwendaje. Wenye kugawa ruzuku wangefanya vyema kuiuliza kila jumuiya, kabla ya kuipa fomu ya kujaza, zamu zake hupangwaje na nani huamua. Mahali ambapo jibu lipo, ruzuku itakuwa mchango mmoja zaidi miongoni mwa michango. Mahali ambapo halipo, au limekwisha kusahauliwa, fedha peke yake hazitalirejesha.