Leonora Carrington: Mchoraji wa Mexico Aliyezaliwa Uingereza

Waandishi wengi wa historia ya sanaa humtaja Leonora Carrington kwanza kama mpenzi wa Max Ernst, kisha ndipo hutaja kazi zake. Insha hii inapinga mpangilio huo. Uhusiano wao ulidumu takriban miaka mitatu. Mexico aliishi zaidi ya miaka 60.

Carrington alizaliwa mwaka 1917 Lancashire, Uingereza, binti wa tajiri mwenye viwanda vya nguo. Yaya wake, mwanamke wa Ireland, alimlea kwa hadithi za mizimwi ambazo hazikumtoka maishani. Mwaka 1937 alikutana na Ernst, Mjerumani aliyemzidi miaka 26, akamfuata Paris kwenye kundi la wasurealisti, wasanii walioamini kwamba ndoto nayo ina ukweli wake. Kundi hilo liliwasifu sana wanawake, ila zaidi kama chanzo cha ndoto za wanaume.

Yeye alikuwa na ndoto zake. Katika picha aliyojichora mwaka 1937 hadi 1938, ameketi nywele zimetimka, amemnyoshea mkono fisi jike. Sisi tuliokulia ngano za fisi mlafi na mjinga tutashangaa kidogo, kwani fisi huyu si wa kuchekwa. Anamkazia macho mtazamaji kama Carrington mwenyewe.

Vita vilipoanza, Ernst alikamatwa Ufaransa. Carrington alikimbilia Hispania, akaugua akili, na mwaka 1940 akafungiwa katika hospitali ya Santander, akadungwa dawa ya kusababisha degedege. Familia yake ilipanga kumpeleka hospitali nyingine, Afrika Kusini. Alipofikishwa Lisbon aliwatoroka wasindikizaji wake, akaingia ubalozi wa Mexico. Huko alimkuta Renato Leduc, mshairi na mwanadiplomasia aliyemfahamu tangu Paris. Walioana ili aweze kusafiri, wakapitia New York hadi Mexico, na baadaye wakaachana.

Mexico haikumpa umaarufu mara moja. Ilimpa nyumba, mume mwingine aliyekuwa mkimbizi kama yeye, watoto wawili wa kiume, na marafiki: mchoraji Remedios Varo kutoka Hispania na mpiga picha Kati Horna kutoka Hungaria. Kwake jiko na chumba cha kuchorea vilikaribiana mno. Mara nyingi alichora kwa rangi iliyochanganywa na kiini cha yai, na picha zake zimejaa vyungu, meza na wanawake wanaopika mambo yasiyojulikana. Kwa maoni yangu, hapa ndipo alipowapita wenzake wa Paris, ambao ndoto zao hazikuwa na mtu wa kuosha vyombo.

Nina shaka kidogo kuhusu mchoro mkubwa alioagizwa kwa ajili ya Makumbusho ya Taifa ya Anthropolojia, unaohusu ulimwengu wa Wamaya. Alisafiri hadi Chiapas kujifunza, lakini alibaki mgeni anayechora imani za wengine. Bango alilochora mwaka 1972 kwa ajili ya harakati za ukombozi wa wanawake halinipi shaka hiyo.

Alifariki mwaka 2011 katika Jiji la Mexico. Mwaka 2024 picha yake ya mwaka 1945 iliuzwa New York kwa dola milioni 28.5, ikatangazwa kuwa rekodi ya mnada kwa msanii mwanamke mzaliwa wa Uingereza. Picha yenyewe ilichorwa Mexico, kwa yai, na aliyeinunua ni Muargentina.