Kutafuta Nasaba za Wazee Waliokombolewa Unguja

Mtu atakaye kuijua nasaba yake huanza kwa kuuliza jina la babu. Lakini kwa jamaa zilizotokana na watu waliokombolewa utumwani Unguja, twaona yafaa kuuliza kwanza: babu yule alipata uhuru kwa amri gani, na mwaka gani? Kwani dola ile, iliyotajirika kwa karafuu na jasho la watumwa tangu zamani za Seyyid Said, haikuufuta utumwa siku moja, bali kidogo kidogo, na kila hatua ina karatasi zake.

Mwaka 1864 Sultani Majid alimpa Askofu Tozer watoto watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao ni John Swedi, aliyepewa ushemasi mwaka 1879. Hata tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash akatia sahihi mkataba, soko likafungwa. Na wengi waliookolewa baharini wakakabidhiwa misheni, wakakaa Mbweni na Kiungani. Majina yao yalitiwa katika vitabu vya ubatizo. Lakini yatazameni majina yenyewe. Cecil Majaliwa, aliyepewa ukasisi mwaka 1890, alikuwa Myao. Cecil ni jina la Kizungu, Majaliwa ni la Kiswahili, la Kiyao halimo. Tena neno “Mnyasa” waliitwa watu wa makabila mengi wa upande wa ziwa, basi halitoshi kumfikisha mjukuu kijijini kwao.

Amri ya tarehe 6 Aprili 1897 ilikuwa na namna yake. Mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kuuomba uhuru wake, na serikali ikamlipa bwana fidia (bwana, wala si mtumwa!). Kwa hiyo ajuaye jina la bwana na shamba lake amekwisha pata njia. Walakini wengi hawakwenda. Walipatana na mabwana zao wakakaa palepale mashambani, na hao hawaonekani katika daftari.

Neno gumu kuliko yote ni la masuria. Amri ile haikuwahusu mpaka mwaka 1909. Mtoto wa suria, baba akimkubali, alikuwa huru naye alifuata ukoo wa baba. Basi yawezekana nyumba moja ikahesabu upande wa baba vizazi vingi, na upande wa mama isijue hata kabila lake. Hapo vitabu havisaidii sana. Twawaomba waalimu wawaendee bibi wazee wangali hai, wawaulize mama zao waliimba nini walipobembeleza watoto, na kwa lugha gani.