Mtungi na Ndoo ya Barafu katika Nchi ya Waha

Ukarimu una vyombo vyake, lakini historia ya vyombo hivyo ni nadra kuandikwa, kwa sababu mgeni hukumbuka alichokunywa akasahau alichonywea. Katika nyanda za juu za Kigoma, yaani Kasulu na Kibondo na nchi iliyo baina yake, ambayo tangu zamani huitwa Buha au Uha, swali la chombo gani kiwekwe mbele ya mgeni lilikuwa na uzito kabla barafu haijasikiwa huko hata kwa jina. Ndoo ya barafu, ile ikaayo katikati ya meza pamoja na koleo lake dogo, ilikuja mwisho kabisa, nayo ilikuta mahali pake pamekwisha kukaliwa.

Kilichokalia mahali hapo ni chungu cha pombe. Waha hutengeneza pombe ya ndizi na pombe ya mtama, na desturi ya kale ni chungu kuwekwa kati, watu wakakizunguka na kunywa kwa mirija mirefu inayoacha makapi nyuma. Hapana kikombe cha mtu mmoja. Katika falme za Heru, upande wa Kasulu, na Muhambwe, upande wa Kibondo, zilizotawaliwa na koo za Kitutsi, aliyetaka kupewa ng'ombe wa kufuga alimwendea mwenye ng'ombe kwa pombe kwanza na kwa ombi baadaye. Aliyeruhusiwa kukaribia chungu alikuwa amekwisha kutambuliwa kuwa mtu wa nyumba ile, ama kwa undugu, ama kwa ujirani, ama kwa utumishi.

Pombe ya namna hiyo haikutaka baridi. Ni kitu kilicho hai, kingali kikichachuka hata wakati wa kunywewa, na ubaridi mkali huinyamazisha ladha yake. Kilichotaka kupozwa ni maji, na kazi hiyo ilifanywa na mtungi wa udongo kwa namna ambayo watu wengi waliosoma wameidharau bila kuifikiri. Udongo uliochomwa kwa moto wa wazi una vitundu visivyoonekana. Maji hupenya, hulowesha ngozi ya mtungi, kisha hugeuka mvuke. Kila gramu moja ya maji inayopanda hewani huondoka na joto la kadiri ya kalori 580. Gramu moja ya barafu inayoyeyuka hunywa kalori 80 tu. Kwa hiyo, uzani kwa uzani, jasho la mtungi lina nguvu ya kupoza mara saba kuliko barafu. Upungufu wake ni kwamba hufanya kazi polepole na hutegemea ukavu wa hewa. Wakati wa kiangazi, miezi ya Juni hadi Agosti, pepo kavu zinapopita juu ya vilima, mtungi uliowekwa kivulini penye upepo huyapoza maji vizuri. Wakati wa masika huwa chombo cha kuhifadhia tu.

Barafu ilikuwa imekwisha kuvuka bahari za joto zamani. Mwaka 1833 Frederic Tudor, mfanyabiashara wa Boston, alipeleka Calcutta jahazi lililoitwa Tuscany na tani 180 za barafu iliyokatwa katika maziwa ya Massachusetts. Baada ya safari ya miezi minne zilisalia tani 100 hivi. Mwezi Septemba wa mwaka huo huo Marekani na Seyyid Said walitia sahihi mkataba wao wa biashara, na wafanyabiashara wa Salem, jirani ya Boston, wakazidi kuleta Zanzibar ile nguo nyeupe ambayo mpaka leo huitwa marekani. Nguo hiyo ilipanda bara kwa njia ya misafara, ikafika Uha, ikawa fedha na hongo. Maji yaliyoganda hayakuweza kwenda mabegani mwa wapagazi.

Henry Stanley aliijua hongo hiyo. Mwezi Novemba 1871, kwa hesabu ya tarehe aliyoiandika yeye mwenyewe, alipita Uha akielekea Ujiji, akatozwa nguo mara kwa mara, hata akaondoka usiku kwa siri ili asitozwe tena. Katika mizigo aliyoiponyesha hivyo ilikuwamo chupa ya mvinyo wa Sillery, wa jimbo la Champagne huko Ufaransa, na vikombe vya fedha. Alipomkuta Livingstone alimwagiza kijana wake Selim kuvileta, na wazee wawili wa safari wakanywa wakitakiana afya. Mvinyo huo kwao hutolewa ukiwa umezamishwa ndani ya ndoo ya barafu. Ujiji ulinyweka kwa joto la ziwani, wala hakuna dalili katika masimulizi yake kwamba uliharibika heshima. Jambo hili lafaa kukumbukwa na kila anayedhani kwamba kinywaji kisicho baridi ni tusi kwa mgeni.

Mitambo ya kugandisha maji kwa nguvu ya amonia, ambayo Carl von Linde aliisitawisha katika miaka ya 1870, iliondoa haja ya barafu ya Boston, na miji ya bandari ikaweza kujitengenezea yake. Reli kutoka Dar es Salaam iliwasili Kigoma mwaka 1914. Lakini Kasulu iko juu ya vilima, na Kibondo iko mbali zaidi, na siku moja ya njia ya vumbi yatosha kuurudisha mzigo wa barafu kuwa maji. Kilicholeta barafu katika nyumba za huko ni jokofu la mafuta ya taa, lililotokana na uvumbuzi wa vijana wawili wa Sweden, von Platen na Munters, mwaka 1922: taa ndogo iwakayo chini, na baridi juu. Chombo hicho kilifaa nyumba za mabwana shauri na za wamisheni zilizo mbali na umeme.

Hapo ndipo ndoo ya barafu ilipopata maana isiyokuwa ya joto wala ya baridi. Mikataba ya Brussels ya 1890 na ya Saint-Germain-en-Laye ya 1919 ilikuwa imezuia biashara ya pombe kali kwa Waafrika wa sehemu kubwa ya bara hili. Ndoo ya barafu ilikuwa mwenzake wa chupa ya wiski. Basi ilikaa barazani penye chupa ile, na Mwafrika aliyeikaribia aliikaribia kwa kuibeba. Chungu kilichagua watu pia, hilo lisifichwe, kwa maana mtwana hakukaa alipokaa mkubwa. Walakini mlango wa chungu ulifunguliwa kwa zawadi, kwa ndoa na kwa urafiki. Mlango wa ndoo ulifungwa kwa rangi. Ikiwa baada ya uhuru wa 1961 baadhi ya wakubwa wapya waliiona ndoo hiyo kuwa alama ya kufika, walioifundisha alama hiyo ni wale waliowanyima.

Tukiiacha heshima tukaitazama ndoo yenyewe, kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Ndoo ya bati yenye ukuta mmoja hutoka jasho kama mtungi, na watu hulipenda jasho hilo kwa kuwa huonekana kama dalili ya baridi. Kumbe mambo yamepinduka. Jasho la mtungi hutoka ndani na kuondoka na joto. Jasho la ndoo ni mvuke wa hewa unaotua juu ya bati na kuliachia zile zile kalori 580. Kila gramu ya jasho hilo huyeyusha gramu saba za barafu. Ndoo inayong'aa na kulowesha kitambaa cha meza inajila yenyewe.

Kwa hiyo, anayenunua ndoo kwa ajili ya nyumba ya Kasulu au Kibondo, ambako umeme wa gridi ya Taifa ulifika mwaka 1922 ukiongezwa karne nzima, yaani 2022, na atafute kwanza yenye kuta mbili, namna aliyoibuni James Dewar mwaka 1892 alipotoa hewa kati ya kuta za chupa, au walau yenye sponji katikati. Pili, kifuniko, ndoo isiyo na kifuniko ni bakuli. Ikiwa vipande vya barafu vitatiwa katika bilauri, pawe na kichujio chini ili maji yasivilowe. Ikiwa ni chupa zitakazopozwa, maji yaachwe, tena yaongezwe, kwa kuwa barafu kavu huigusa chupa kwa ncha tu, bali maji huikumbatia pande zote. Asiye na fedha ya kuta mbili achukue ndoo ya kawaida aitie ndani ya kapu kubwa, ashindilie majani makavu ya mgomba katikati. Tudor alitumia unga wa mbao kwa kanuni ile ile.

Na maji ya kunywa yabaki mtungini, kivulini, upande wa upepo.