Mzee wa Ruangwa na Tamasha la Kinshasa

Wiki hii nilikuwa kusini, Nachingwea hadi Ruangwa. Hapo Ruangwa nilimwonyesha mzee mmoja, mpenzi wa dansi tangu ujana wake, filamu ya Soul Power ya mwaka 2008. Inahusu tamasha la Kinshasa la tarehe 22 hadi 24 Septemba 1974, James Brown, B.B. King na wenzao wakipiga muziki katika bara la mababu zao. Ndege nzima ya wanamuziki, furaha tupu, wamerudi nyumbani!

Mzee alitazama mpaka mwisho, kisha akauliza: "Sasa Franco mbona kapita tu?"

Swali hilo. Franco na T.P. OK Jazz, Tabu Ley, Abeti, wote walipanda jukwaa lile, na ndio waliokuwa wenye nyumba. Lakini filamu imewapa wageni nafasi kubwa. Rekodi za wenyeji zilitolewa mwaka 2017, Franco akiwa amefariki tangu 1989, Abeti 1994, Tabu Ley 2013.

Siku mbili kabla ya tamasha, tarehe 20 Septemba 1974, serikali ya mpito ya Msumbiji iliapishwa. Wapiganaji wa FRELIMO waliofunzwa Nachingwea nao walikuwa wakirudi kwao, kwa kuvuka Ruvuma. Mzee anawakumbuka wakiimba. Nilipomwuliza kama aliwahi kuwaona kwenye filamu yoyote, alicheka, akaniomba nimrudishie pale Franco anapopita.